Jinsi ya kuisoma The Crucible ukaielewa kweli

Kwanza usikimbilie muhtasari, soma mchezo wa kuigiza wenyewe kwa sauti, uko na matendo manne tu na ukiwa na wenzako gawaneni wahusika, utasikia hofu inavyopanda. Kabla ya hapo jua mambo mawili: Salem, mji wa Massachusetts huko Marekani, mwaka 1692, ambapo watu 19 walinyongwa kwa kesi za uchawi, na Marekani ya 1953 mwandishi wake Arthur Miller alipoutoa, enzi za seneta McCarthy watu wakishinikizwa kutaja wenzao kuwa wakomunisti.

Halafu chukua daftari, kila anayetajwa mchawi andika nani kamtaja na huyo mtajaji anafaidika nini. Putnam, tajiri wa kijiji, anataka ardhi, binti Abigail anamtaka Proctor, mume wa mtu, Tituba, mtumwa, yeye anaokoa roho yake tu (huyu mama msimpite haraka jamani).

Tendo la tatu lisome hata mara mbili, pale Elizabeth, mke wa Proctor asiyejua kudanganya, anadanganya kumlinda mumewe na uongo huohuo ndo unammaliza, mi hapo huwa naumia kila nikirudia.

Kwenye mtihani usiandike kama historia tupu, Abigail halisi alikuwa na miaka kama 11, Miller kampa 17, sasa jiulize kwa nini.