Usitupe manyoya ya kuku: yapike, yalishe sukuma wiki

Mimi huchinja na kunyonyoa kuku wa broila pale Burma, kando ya Jogoo Road. Manyoya ni kama asilimia 5 hadi 7 ya uzito wa kuku, kwa hiyo kibanda chenye wateja hujaza gunia upesi. Gunia hilo huishia jalala la Dandora, ama mtoni usiku, na hilo huniuma. Manyoya makavu ni protini karibu asilimia 90, na anayelima hata kwenye magunia ya veranda anaweza kuyatumia.

Shida ni kwamba protini hiyo, keratini, imefungwa. Nyuzi zake zimeshikana kwa vifungo vya salfa, ndiyo maana nyoya hukaa ardhini miezi mingi bila kuoza na tumbo la mnyama haliliwezi. Kazi yetu ni kuvunja vifungo hivyo kwa joto na mvuke.

Osha siku hiyo hiyo ya kuchinja. Damu na mafuta vikilala, nzi wamefika. Maji ya sabuni, kisha suuza hadi maji yatoke meupe. Anika juu ya wavu. Mwezi wa Julai, jua likijificha, vumilia siku kadhaa.

Kupika ndiko kwenye kazi. Usijisumbue na sufuria ya kawaida: Nairobi tuko juu sana, maji huchemka kwenye nyuzi joto kama 94 tu, na nyoya litatoka lilivyoingia. Viwandani hutumia mvuke wa nyuzi 140 hadi 150 kwa muda wa kama nusu saa. Sufuria ya presha ya nyumbani, ile inayofika nyuzi 121 ukiwa Mombasa, hapa kwetu hukaribia 118, kwa hiyo tunalipia kwa muda. Mimi huanza na muda wa saa mbili na nusu, moto mdogo.

Tia manyoya kwenye mfuko wa kitambaa na uufunge, kisha uuweke juu ya kibao cha chuma ndani ya sufuria yenye maji. Usiache hata unyoya mmoja ukielea, maana ukiziba tundu la mvuke sufuria inaweza kulipuka. Usipite nusu ya sufuria. Katikati ya mapishi zima moto, subiri presha iishe yenyewe, ndipo ufungue na kuongeza maji. Pikia nje, kwa kuwa salfa inatoa harufu ya mayai viza, na sufuria hiyo isirudi jikoni kamwe.

Kuna wanaoshauri utie magadi ili yalainike haraka. Yatalainika kweli, lakini sodiamu inabaki na kuharibu udongo, na sufuria ya alumini inaliwa. Achana nayo.

Utajuaje yameiva? Toa nyoya moja, likaushe, ulikunje kwenye uti. Likivunjika na kusagika vidoleni, tayari. Likipinda na kurudi, rudisha motoni. Kipimo hiki nakiamini kuliko saa. Yaliyoiva yaanike tena, uyatwange kwenye kinu ukiwa umefunga pua na mdomo, kisha uchekeche.

Unga huo una naitrojeni kama asilimia 12. Mbolea ya dukani ya CAN ina 26, lakini hiyo huyeyuka mvua ikinyesha. Huu wetu huachiliwa polepole na vijidudu vya udongo. Weka gramu 80 kwa mita moja ya mraba, changanya na udongo wa juu, majuma mawili kabla ya kuhamisha miche ya sukuma au spinachi. Fosforasi na potasiamu ni kidogo mno ndani yake, kwa hiyo samadi ya ng'ombe bado unaihitaji.

Wengi huniuliza kuhusu chakula cha kuku. Mimi siwapi unga huu. Protini ni nyingi kwa hesabu, ila asidi amino (vijenzi vya protini) kama lisini na methionini ni haba, na haiwezi kushika nafasi ya omena wala soya. Tena sipendi kumrudishia kuku mabaki ya kuku mwenzake wakati sufuria ya nyumbani haifiki joto la kiwanda. Ugonjwa ukiingia bandani ni hasara ya kila mtu.

Hifadhi unga ukiwa mkavu kabisa, kwenye ndoo yenye kifuniko. Shambani ufukie vizuri, la sivyo mbwa wa jirani watafukua miche yote kuutafuta.