Somo: Jinsi ya kuchagua keria ya gari ya kubebea skii na mbao za theluji (snowboard)

Wakuu, msimu wa theluji ukikaribia swali huwa ni lile lile: ninunue keria gani? Wengi huanzia dukani, wanaona keria, wanaipenda, ndipo wanakumbuka kuuliza kama gari lao linaikubali. Ushauri wangu ni kugeuza mpangilio huo. Anza na gari, fuata vifaa unavyobeba, keria ije mwisho. Ukienda hivyo, keria nyingi zitajitoa zenyewe kabla hujafungua pochi.

Hatua ya 1: Kitabu cha gari

Tafuta uzito ambao paa linaruhusiwa kubeba gari likiwa linatembea. Magari mengi ya kawaida huangukia kati ya kilo 50 na 100, na 75 ni namba utakayokutana nayo mara nyingi. Namba hiyo si ya skii peke yake. Mihimili ya kukingama (vyuma viwili vinavyokatiza paa, ambavyo keria hukaa juu yake) imo, keria imo, sanduku la paa limo.

Chukua gari lenye kikomo cha kilo 75. Mihimili miwili na miguu yake (vishikio vinavyoifunga kwenye paa) tuseme kilo 6, sanduku la plastiki la ukubwa wa kati kilo 20. Umebakiwa na 49. Jozi nne za skii zikiwa na vifungio (vinavyoshika kiatu kwenye skii), kila jozi kilo 7, ni 28. Tupia viatu vya skii vya watu wanne, ambavyo hufika kilo 4 kwa jozi, na hapo zimebaki kilo 5 tu. Mabegi ya nguo yarudi ndani ya gari, hata kama sanduku bado lina nafasi. Na kama kibandiko cha sanduku kinasema linabeba kilo 75, hiyo ni nguvu ya sanduku. Paa, mihimili na keria kila kimoja kina kikomo chake, na unafuata kilicho kidogo kuliko vyote.

Hatua ya 2: Paa lenyewe

Simama pembeni ya gari uangalie. Kuna reli zilizoinuka, ambazo unapitisha vidole chini yake. Kuna reli zilizolala zikagusana na paa. Kuna paa lenye matundu ya bolti yaliyofichwa chini ya vifuniko vidogo, na kuna paa tupu, ambapo miguu hushika kwenye kingo za juu za milango. Magari ya zamani na baadhi ya vani yana mfereji wa maji pembeni. Kila aina ina miguu yake na haziazimani. Watengenezaji wakubwa kama Thule na Yakima wameweka mtandaoni sehemu ya kuingiza aina ya gari na mwaka, kisha unaambiwa seti inayokaa. Uwe makini na mwaka: gari la jina lile lile likibadilishwa umbo, miguu ya zamani inaweza isikae.

Mihimili yenyewe huwa ya mraba, ya duara, au yenye umbo la bawa. Ya bawa ni ghali zaidi ila haipigi mluzi sana kwenye mwendo, na juu yake ina mfereji ambamo bolti za keria hupita. Hakikisha keria unayoitaka inaendana na umbo la mihimili yako.

Hatua ya 3: Pima vifaa, usikadirie

Maandishi ya "jozi sita" kwenye boksi la keria yanahesabu skii nyembamba. Skii za theluji laini zenye kiuno (upana wa katikati) cha milimita 100 au zaidi hupanuka kuelekea ncha, na mikono ya breki zake huchomoza pembeni. Taya (mikono ya keria inayobana skii kati yake) yenye nafasi ya sentimita 60 itachukua jozi nne za namna hiyo, labda tano kwa kubanana. Ubao wa theluji ndio mpana kabisa, karibu sentimita 30 kwenye ncha, kwa hiyo taya hiyo hiyo inalaza mbao mbili tu ubavu kwa ubavu. Keria inayodai mbao nne inamaanisha mbili juu ya mbili.

Hatua ya 4: Aina ya keria

Keria ya taya ndiyo ninayoipendekeza kwa watu wengi. Ni mikono miwili yenye raba ndani, inafunguka kama mdomo, unalaza skii, unafunga kwa ufunguo. Ni nyepesi na inavuliwa haraka. Kasoro yake ni kwamba skii zinabaki wazi, na barabara za theluji humwagiwa chumvi. Chumvi na tope vikirushwa juu kwa saa kadhaa, kingo za chuma za skii huanza kutu na vifungio hujaa uchafu.

Sanduku la paa linatibu hilo, na linabeba viatu, fimbo na helmeti pia. Lakini soma urefu wa *ndani*, kwa sababu pua ya sanduku hupungua kwenda mbele. Sanduku la sentimita 190 kwa nje si lazima limeze skii za 185. Pia fungua mlango wa nyuma wa gari hadi mwisho uone kama hautagonga sanduku.

Keria ya nyuma, inayokaa kwenye chuma cha kuvutia tela, inamfaa mwenye gari refu au asiyeweza kuinua mikono juu ya kichwa. Kuna kikomo cha uzito hapo pia, na taa na namba ya gari zisifunikwe. Skii zinapokea tope zaidi huko nyuma, kwa hiyo zivalishe mfuko.

Za sumaku na za vikombe vya kunyonya siziweki mbele. Sumaku haishiki aluminiamu wala kioo, na hata kwenye chuma, chembe ya mchanga ikiingia chini yake inachora rangi. Vikombe vinataka sehemu safi na kavu, jambo ambalo ni gumu kulipata kwenye mvua ya theluji.

Hatua ya 5: Nafasi kati ya kifungio na paa

Hapa ndipo naomba mtulie, kwa sababu ndipo mapaa mengi yanapoharibikia. Jozi ya skii hulazwa tumbo kwa tumbo, kwa hiyo kifungio kimoja kinatazama juu na cha pili kinaning'inia kuelekea paa. Kisigino cha kifungio ni kirefu. Mihimili iliyolala karibu na paa pamoja na keria fupi hukiacha kikigusa rangi, na kila mtikisiko wa barabara unakisugua pale pale.

Kabla ya kulipa, laza jozi yako kwenye keria, funga taya, kisha pitisha vidole viwili chini ya kifungio cha chini. Visipopita kwa raha, tafuta keria inayoinuka au vipande vya kuiinua. Kwa mbao za theluji kunja migongo ya vifungio kwanza. Ukiwa hapo hapo, vaa glavu nene ujaribu kitufe cha kufungulia. Kitufe kidogo kinachohitaji kucha hakitakupa raha kwenye baridi kali.

Hatua ya 6: Kufunga na kupakia

Kaza bolti kwa nguvu iliyoandikwa kwenye maelekezo, kisha zikague tena baada ya kilomita chache za mwanzo. Laza skii ncha zilizopinda zikitazama nyuma, ili upepo usizinyanyue. Taya moja ishike mbele ya vifungio na nyingine nyuma yake. Nafasi ikibaki, fimbo huingia katikati. Watengenezaji wengi wanaweka kikomo cha kilomita 130 kwa saa; sheria ya barabara ikisema chini ya hapo, unafuata sheria, na kwenye upepo wa ubavuni unapunguza zaidi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, gari langu lina paa la kioo. Nimekosa kabisa?

Jibu: Hapana, mkuu. Mara nyingi miguu inashika fremu au matundu ya bolti, kioo hakibebi kitu. Ila kuna magari ambayo kitabu kinakataza mzigo wowote juu, na hapo hakuna mjadala. Kama kioo chako hufunguka kwa kuinuka, hakikisha hakigongi mihimili. Sumaku na vikombe usahau.

Swali: Nina keria ya baiskeli kwenye chuma cha tela. Naweza kuitumia kwa skii?

Jibu: Inategemea. Kama ni ile yenye mikono miwili ambayo baiskeli huning'inia, vipo viambatisho vya skii vinavyokaa juu ya mikono hiyo. Kama baiskeli husimama kwenye jukwaa, tafuta kiambatisho cha mtengenezaji wa keria hiyo hiyo, usiunge cha kampuni nyingine kwa mikanda.

Swali: Sisi ni wanne, wawili wa skii na wawili wa mbao. Keria moja itatosha?

Jibu: Itatosha, dada, ukichukua ya taya pana. Mbao mbili zilaze tumbo kwa tumbo upande mmoja, skii upande wa pili. Tatizo ni unene: rundo la mbao likiwa nene kuliko skii, taya inabana upande mmoja na upande wa pili unalegea. Chagua yenye raba laini na nene, kisha zitikise skii kwa mkono. Zikicheza, zungushia mkanda.

Swali: Gari la umeme, je? Naogopa chaji kuisha njiani.

Jibu: Chochote cha juu ya paa kinaongeza ukinzani wa hewa, na baridi nayo inapunguza umbali wa betri, kwa hiyo vyote viwili vinakupiga pamoja. Keria ya nyuma hukaa kwenye kivuli cha upepo wa gari na kwa kawaida hula chaji kidogo kuliko sanduku la paa, ila kwanza uhakikishe gari lako limeruhusiwa kufungwa chuma cha tela. Ukibaki na ya paa, ivue kila unapomaliza safari.

Swali: Kufuli ya keria imeganda, ufunguo hauingii. Nimwagie maji ya moto?

Jibu: Usimwage. Maji hayo yataganda ndani na hali itakuwa mbaya zaidi. Tumia dawa ya kuyeyusha barafu ya kufuli, na uiweke mfukoni, kwani ukiifungia ndani ya sanduku la paa haitakusaidia. Kufuli ikishakauka pulizia grafiti kidogo, na kile kifuniko cha plastiki cha tundu la ufunguo kirudishe kila mara.