Somo: Kuuzunguka Mont Blanc kwa miguu

Wengi wanaogopa kimo. Kwenye Tour du Mont Blanc, njia ya miguu inayouzunguka mlima huo wa Ulaya, kimo hakisumbui sana: hata ukipitia Col des Fours ("col" ni kipito kati ya vilele) unafika mita 2,665, chini ya vibanda vya Mandara pale Kilimanjaro. Kinachotesa ni magoti. Njia ina kilomita 170 hivi na jumla ya kupanda inakaribia mita 10,000, na zote utazishuka.

Hatua ya 1: Weka mapema nafasi za kulala kwenye vibanda vya njiani, miezi mingi kabla. Msimu ni katikati ya Juni hadi katikati ya Septemba. Mwisho wa Agosti uepuke, wakimbiaji wa UTMB, mbio za kuuzunguka mlima huu, wanajaza kila kitanda. Uthibitisho wa nafasi hizo utauambatanisha kwenye maombi ya viza ya Schengen. Viza moja inatosha Ufaransa, Italia na Uswisi; omba kwa nchi utakayolala siku nyingi zaidi.

Hatua ya 2: Anzia Les Houches, Ufaransa, zunguka kinyume cha saa, siku 10 au 11. Col de la Seigne inakuingiza Italia, Grand Col Ferret inakutoa kwenda Uswisi, ambako pesa ni faranga. Katikati, Courmayeur, mji wa upande wa Italia, pumzika.

Hatua ya 3: Jifunze kushuka. Kabla ya mteremko kaza kamba za viatu kifundoni ili vidole visigonge mbele, la sivyo kucha zitageuka nyeusi. Refusha fimbo kidogo, tangulize fimbo halafu mguu, hatua fupi, goti limekunjwa. Na hakuna wagumu (wapagazi) wa kukubebea mzigo kama Kilimanjaro, kwa hiyo jeans, nguo nzito, acha nyumbani.

Maswali

— Kaka, naweza kulala kwenye hema popote?
Hapana, dada. Upande wa Italia ni marufuku chini ya mita 2,500, na Uswisi ni wakali pia. Tumia kambi za kulipia, mfano La Fouly na Champex.

— Nimesikia kuna ngazi za chuma?
Zipo, baada ya Tré-le-Champ, zimefungwa kwenye mwamba. Ukiogopa, kuna njia ya kuzikwepa kupitia Col des Montets. Mvua ikinyesha hata asiyeogopa azikwepe.

— Shekhe, chakula je? Mimi sili nguruwe.
Vibandani jioni hupikwa chakula kimoja kwa wote, na nguruwe hakosekani. Waandikie unapoweka nafasi kwamba huli nyama kabisa. Watakupa mayai, dengu au jibini. Ukisubiri kusema mezani, utakula mkate.