Somo: Namna ya kutunga chemsha bongo ya Middle-earth isiyoishia kwenye ubishi

Mashabiki wa mwandishi J.R.R. Tolkien wanapopimana ujuzi wao wa Middle-earth, yaani ulimwengu wa hadithi zake, mara nyingi anayeuharibu mchezo si mjibu aliyesahau, bali ni mtungaji aliyeuliza jambo ambalo halina jibu moja. Somo hili linamhusu mtungaji huyo.

Hatua ya kwanza: tangaza mipaka kabla ya swali la kwanza

The Hobbit kilitoka mwaka 1937, The Lord of the Rings kati ya 1954 na 1955, na The Silmarillion mwaka 1977, miaka minne baada ya mwandishi kufariki, kikiwa kimehaririwa na mwanawe Christopher. Juu ya hivyo ziko filamu za Peter Jackson za 2001 hadi 2003, ambazo zimebadilisha mambo mengi. Ukiuliza ni nani aliyempandisha Frodo, shujaa wa The Lord of the Rings, farasi alipokuwa akikimbizwa kuelekea kivuko cha mto Bruinen, aliyesoma kitabu atasema Glorfindel, aliyetazama filamu atasema Arwen, na hutakuwa na haki ya kumnyima alama yeyote kati yao.

Toleo nalo litajwe pale linapohusika. Katika toleo la 1937 la The Hobbit, Gollum, kiumbe wa mapangoni, aliweka pete yake kuwa zawadi ya Bilbo, shujaa wa kitabu hicho, endapo angeshinda shindano la vitendawili. Katika toleo la 1951 Tolkien aliiandika upya sura hiyo, na dau likawa kumwonyesha Bilbo njia ya kutokea. Swali la dau la Gollum, basi, haliwezi kuulizwa bila kutaja mwaka.

Hatua ya pili: anza na ukurasa, usianze na kumbukumbu

Fungua kitabu, andika jibu pamoja na sura lilimotoka, kisha ndipo utunge swali. Utaratibu huu unachosha kidogo, lakini ndio unaokupatia maswali bora. Chukua mfano wa Entmoot, yaani baraza la wachungaji wa miti: kwa mujibu wa jedwali la miaka lililo mwishoni mwa The Lord of the Rings, baraza hilo lilianza tarehe 30 Februari. Atakayejibu hivyo atachekwa na wenzake kwanza, mpaka mwamuzi awakumbushe kwamba katika kalenda ya Shire, nchi ya akina Bilbo na Frodo, kila mwezi una siku 30, na siku 5 zinazobaki huwekwa nje ya miezi. Swali la namna hiyo ni gumu, lakini lina haki, kwa kuwa jibu lake limechapishwa na yeyote anaweza kulifungua.

Hatua ya tatu: jaribu kulivunja swali lako mwenyewe

Hapa ndipo wengi hukwama. Swali la baba wa Gil-galad, mfalme wa Waelfi, linaonekana jepesi, na The Silmarillion inajibu wazi kwamba ni Fingon. Hata hivyo, Christopher Tolkien baadaye alikiri kwamba uamuzi huo wa kihariri haukuwa sahihi, na katika maandishi ya mwisho ya baba yake Gil-galad ni mwana wa Orodreth. Ukiliuliza, lazima useme unamaanisha andiko lipi. Asili ya orki, wale askari waovu wa hadithi hizi, ina tatizo lilo hilo, kwani mwandishi aliibadilisha zaidi ya mara moja na hakufika mwisho. Mimi nimeliondoa kabisa kwenye maswali yangu.

Tazama pia kosa alilolifanya Bilbo mwenyewe. Swali lake la mwisho kwa Gollum, la nini kilichomo mfukoni mwake, halikuwa kitendawili hata kidogo. Sisi tuliozoea kutega na kuteguliwa tunajua kwamba anayeshindwa hutoa mji kwa sababu jibu lilikuwepo ndani ya fumbo, naye hakuliona; katika swali la mfukoni hakukuwa na cha kuona. Gollum alidai nafasi tatu, akazipoteza, na malalamiko yake yalikuwa na msingi.

Hatua ya nne: panga kutoka jepesi hadi gumu, na mteue mwamuzi mmoja mwenye vitabu mezani.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, je, Balrog ana mabawa? Kundi letu liligawanyika kwa swali hili.

Jibu: Usiliulize hivyo, ndugu yangu. Katika The Lord of the Rings, sura ya daraja la Khazad-dûm, anamotokea pepo huyo wa moto, kwanza inasema kivuli chake kilitanda kama mabawa mawili makubwa, kisha mistari michache mbele inataja mabawa yaliyoenea kutoka ukuta hadi ukuta. Uliza badala yake andiko linakilinganisha kivuli hicho na nini, na ubishi utaisha.

Swali: Samahani mwalimu, tuwafanyeje wanaochungulia simu?

Jibu: Tunga maswali yanayounganisha sehemu mbili. Kwa mfano: kati ya watatu waliozishika Pete Tatu za Waelfi mwishoni mwa Enzi ya Tatu, ni nani aliyekabidhiwa yake na mjenzi wa meli? Ni mchawi Gandalf, aliyepewa pete iitwayo Narya na Círdan. Anayejua hujibu papo hapo, ilhali anayetafuta lazima kwanza ajue atafute nini, na sekunde 20 hazimtoshi.

Swali: Mjibu akisema Strider badala ya Aragorn, apewe nusu alama?

Jibu: Apewe alama nzima, kwa sababu ni mtu yule yule. Jina likataliwe tu pale swali linapotaja wanaolitumia: ukiuliza Waelfi wanamwitaje Gandalf, jibu ni Mithrandir, na anayesema Incánus amekosa, maana hilo ni jina lake la kusini.