Utepe wa sinthesaiza ya moduli: usiache mguu wa kati uelee

Mimi hutumia SoftPot, utepe unaobonyezwa kwa kidole kuchagua noti, wa milimita 500, kiloomu 10. Ncha zake mbili hupata umeme, na mguu wa kati hutoa volti ya pale kidole kilipo. Toa volti 12 kwenye raki (fremu ya moduli yenye umeme), zipitishe kwenye rezista ya kiloomu 33 na trima (rezista ya kurekebisha) ya kiloomu 50, kisha utepe, kisha graundi. Zungusha trima mpaka utepe usome volti 2 kamili. Kwa kipimo cha volti 1 kwa oktavu, kila nusu toni inapata milimita 21 hivi. Nilianza na volti 5, nusu toni ikawa milimita 8. Kidole changu kilikuwa kinazikanyaga mbili kwa pamoja.

Mguu wa kati ukielea, sauti inatangatanga ukiinua kidole. Ufunge kwenye graundi kwa rezista ya megaomu 1, halafu uingie TL072, chipu ya kikuza ishara. Niliwahi kuweka kiloomu 100: ncha ya graundi ilikuwa sawa, lakini kadiri nilivyopanda sauti ilizidi kushuka. Siku mbili nzima niliilaumu osileta, moduli inayotoa sauti, bure!

Ukilehemu, gusa upesi sana. Plastiki ya mkia wenye miguu huyeyuka, na hairudi.

Bandika utepe juu ya ubao ulionyooka, ukisugua kutoka ncha moja.