Kabla ya kupeleka majani kwenye kipimo cha NIRS

Mabingobingo yakimpita mtu kichwa, mzigo unaonekana mkubwa na mfugaji anafurahi. Ng'ombe ana hesabu nyingine. Majani yanavyokomaa, nyuzinyuzi huongezeka na protini hushuka. Ikishuka chini ya takribani asilimia 7 ya uzito mkavu, vijidudu vya tumboni vinavyosaga malisho hudhoofika, ng'ombe hula kidogo na maziwa hupungua. Asilimia hiyo huwezi kuijua kwa macho, na hapo ndipo NIRS, mashine ya maabara inayopima malisho kwa mwanga, inasaidia.

Mashine humulika sampuli kwa mwanga tusiouona, wa mawimbi ya kati ya nanomita 780 na 2500 hivi. Maji, protini na nyuzinyuzi hufyonza mwanga huo kila kimoja kwa namna yake. Mashine husoma unaorudi, kisha huulinganisha na kumbukumbu ya sampuli zilizokwisha kupimwa kwa kemikali. Sampuli ikishakauka na kusagwa, majibu hutoka kwa dakika chache.

Hiyo kumbukumbu ndiyo ya kuulizia. Mashine iliyofundishwa kwa nyasi za Ulaya itakutolea namba za mabingobingo yako bila kusita, hata kama hazina ukweli. Uliza maabara: mmeshapima kwa kemikali malisho kama haya yangu, ya ukanda huu? Wakisitasita, tafuta kwingine.

Hata hivyo, makosa mengi huanzia shambani. Konzi moja ya majani ya kando ya njia haielezi ekari nzima. Kata sehemu kumi hadi kumi na tano, kwa urefu uleule unaokatia ng'ombe, bila udongo. Katakata, changanya juu ya turubai safi, gawa mafungu manne, tupa mawili yanayotazamana, changanya tena, na urudie mpaka ibaki kama nusu kilo. Hei ya lusina inahitaji uangalifu zaidi: ukiivuta kwa mkono, vijani laini hudondoka na unabaki umeshika vijiti, basi protini itasomeka ndogo kuliko ilivyo. Kwa sileji, ondoa tabaka la juu lililopigwa na hewa, jaza mfuko wa plastiki, kamua hewa yote na uipeleke siku hiyohiyo ikiwa baridi.

Ikibidi kukausha mwenyewe, kausha kivulini penye upepo. Usiweke juu ya jiko. Joto kali huiunganisha protini na nyuzinyuzi, na sampuli haifanani tena na malisho anayokula ng'ombe.

Majibu yakija, angalia kama namba ni za uzito mkavu. Tuseme mabingobingo yana protini asilimia 8 ya uzito mkavu, na asilimia 80 ya majani mabichi ni maji. Kilo 50 ulizomtupia ng'ombe ni kilo 10 tu za chakula kikavu, zenye gramu 800 za protini. Kwa ng'ombe wa maziwa mengi hazitoshi: wahi kukata mavuno yajayo, na kwa sasa ongeza lusina au mashudu.

Madini NIRS haiyasomi vizuri, kwa hiyo kalsiamu na fosforasi bado zinahitaji kemikali. Wala usiitegemee kukuonya juu ya sumukuvu. Mahindi au hei yenye ukungu usimpe ng'ombe, hata karatasi ya maabara iseme protini ni nzuri.