Kostiki soda humwagwa kwenye maji, si maji kwenye soda

Natengeneza sabuni za mche uani kwangu, na kovu la kifundo cha mkono wa kushoto ndilo lililonifundisha. Mimina kostiki, ile kemikali kali ya kutengenezea sabuni, kidogo kidogo ndani ya maji. Ukifanya kinyume, huchemka ghafla na kukurukia. Tumia ndoo nene ya plastiki. Sufuria ya alumini huliwa, tena hutoa gesi inayowaka. Glavu ndefu na miwani, hata kama kuna joto.

Kostiki ikikudondokea usingoje maumivu. Mwanzoni unahisi utelezi tu, kama umeshika bamia, kumbe ngozi inaliwa. Vua nguo iliyolowa, jisuuze kwa maji yanayotiririka dakika 20 au zaidi. Ndimu na siki ziachie kachumbari. Jichoni? Suuza vilevile, kisha mbio hospitali.